Kitanda Kisichokaa Wazi wala Kufungwa: Uchambuzi wa Shoki za Gesi katika Karavani Moja ya Jinja

Karavani inayozungumziwa hapa ilitengenezwa Marekani, ikaletwa Afrika Mashariki na wasafiri walioiuza walipomaliza safari yao, na sasa ni mali ya Hajati mmoja wa Walukuba, Jinja, ambaye kazi yake ni upishi wa shughuli. Akiitwa kupika harusi Mbale, maulidi Iganga au matanga Tororo, huifunga nyuma ya gari, hulala humo yeye na msaidizi wake, na vyombo vyote vya kazi husafiri katika kasha lililo chini ya kitanda: masufuria makubwa, masinia, miko, mikeka na magunia ya mchele. Mlango wa karavani uko upande wa kulia, kama ilivyo desturi ya Marekani wanakoendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo huku kwetu ukisimama kando ya njia unashukia kwenye magari yanayopita. Hilo ni tatizo la siku nyingine, lakini ndilo linalomfanya Hajati apendelee kutoa vyombo kwa ndani badala ya kuzunguka nje, na ndiyo sababu kitanda hicho hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko mtengenezaji alivyotarajia.

Kitanda chenyewe ni ubao wa plaiwudi wa milimita 9 uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao nyepesi. Urefu wake kutoka kichwani hadi miguuni ni mita 1.88 na upana mita 1.50. Kichwani umeshikwa na bawaba moja ndefu inayokwenda upana mzima, na ukiinua upande wa miguuni ubao wote hunyanyuka pamoja na godoro. Pande mbili za kasha kuna shoki za gesi, zile ambazo mafundi wetu huziita shoki za buti kwa kuwa wamezizoea kwenye milango ya nyuma ya magari. Shoki za awali zilikuwa na maandishi ya pauni 90 kila moja, yaani takriban nyutoni 400, urefu wa sentimita 51 zikiwa zimenyooka na mwendo wa sentimita 20.

Godoro lililokuja na karavani lilikuwa jembamba na jepesi, nalo lilimchosha mgongo. Hajati akanunua godoro zito la sifongo, tano kwa sita la inchi nane, jambo ambalo mtu yeyote anayelala baada ya kusimama jikoni kutwa nzima angelifanya. Tangu siku hiyo ubao ulianza kushuka wenyewe. Mwanzoni ulishuka polepole, kisha shoki moja ikavuja kabisa na ubao ukawa unaanguka. Kwa muda kazi ilifanyika kwa kuegemeza kipande cha mbao, mpaka siku moja kikateleza na ubao ukamwangukia msaidizi mkononi. Hakuvunjika, alivimba tu, lakini Hajati akaamua kwamba kitanda kitengenezwe.

Fundi wa kwanza alifanya jambo lililoonekana kuwa la busara: alitafuta shoki za gari zenye nguvu zaidi, zenye urefu unaokaribiana na zile za awali, akazifunga katika matundu yale yale. Siku chache baadaye hali ikawa ya ajabu. Ubao ulikaa wazi bila wasiwasi, lakini haukukubali kufungwa mpaka mtu aukalie, na barabarani ulikuwa ukinyanyuka wenyewe kiasi kwamba walipofungua mlango walikuta masinia yamesambaa sakafuni. Kisha breketi ya kushoto ikang'oka na kipande cha ukuta wa kasha, ubao ukabaki ukisukumwa upande mmoja tu na kupinda. Nilipoitwa, maelezo ya Hajati yalikuwa mafupi na kamili: "Mwanangu, kikiwa wazi hakishuki, kikifungwa hakikai. Na mimi sitaki hesabu, nataka kitanda."

Hesabu ilibidi ifanyike hata hivyo, kwa sababu kisa hiki kizima kimo ndani yake. Kabla ya kufika huko, yafaa kueleza shoki hizi hufanyaje kazi. Ndani ya bomba kuna nitrojeni iliyoshindiliwa kwa kanieneo kubwa, pamoja na mafuta kidogo ya kulainisha sili, yaani mpira unaozuia gesi isitoke, na kupunguza kishindo mwishoni mwa mwendo. Pistoni ina tundu dogo, kwa hiyo gesi iko pande zote mbili zake kwa kanieneo ile ile; kinachosukuma nje ni tofauti ya eneo tu, yaani unene wa fimbo inayotoka. Fimbo ikiingia ndani hupunguza nafasi ya gesi, kanieneo hupanda, na nguvu huongezeka. Namba iliyoandikwa kwenye bomba ni nguvu ya shoki ikiwa karibu kunyooka yote, katika joto la nyuzi 20. Ikiwa imefungwa, nguvu huwa juu zaidi. Kwa shoki za aina hii ongezeko la robo hadi theluthi ni la kawaida. Maana yake ni kwamba shoki husukuma zaidi wakati kitanda kimefungwa, wakati ambao hakuna anayeiwazia, na husukuma hivyo usiku kucha na safari nzima.

Jambo la pili linalowakwaza wanunuzi ni vipimo. Muuzaji akikuambia "hizi ni za mia" hajakuambia kitu. Pauni 100 ni nyutoni 445. Nyutoni 100 ni kama uzito wa kilo 10. Kilo 100 ni nyutoni 981. Shoki tatu tofauti kabisa zinaweza kuuzwa kwa jina moja, na iliyotoka Marekani itakuwa na pauni wakati ya Ulaya au Asia ina nyutoni. Njia ya uhakika, hasa kwa mali iliyotumika ambayo maandishi yake yamefutika, ni kuisimamisha shoki juu ya mizani ya kupimia watu, fimbo ikitazama chini, na kuisukuma wima taratibu. Kilo utakazosoma pale fimbo inapoanza kuingia, ukizizidisha kwa 9.81, zitakupa nyutoni, ingawa msuguano wa sili hufanya somo liwe juu kidogo kuliko namba ya kiwandani. Shoki za gari alizowekewa Hajati zilisoma takriban kilo 75 kila moja, yaani karibu nyutoni 735. Zilikuwa na karibu mara mbili ya nguvu ya zile za awali.

Sasa ubao. Tulizitoa shoki zote, tukaacha godoro, shuka na blanketi kama Hajati anavyozitumia, tukafunga mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, katikati ya ukingo wa miguuni na kuuvuta juu mpaka ukaachana na kasha kwa kidole. Mizani ilisoma kilo 21 na nusu. Kwa kuwa ubao unashikwa kichwani na bawaba, kipimo hicho cha ukingoni ni nusu ya uzito wote, ambao kwa hiyo ni takriban kilo 43. Lakini uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kuujua uzito wenyewe wala mahali ulipo. Unazidisha kilo 21.5 kwa 9.81 na kwa mita 1.88, unapata takriban nyutoni-mita 396, na hiyo ndiyo nguvu ya kugeuza ambayo shoki zinapaswa kukabiliana nayo ubao ukiwa umelala. Tulirudia bila godoro na matandiko, mizani ikasoma kilo 9 na nusu, yaani nyutoni-mita 175. Namba hii ya pili huachwa na wengi, na itarudi hapa chini kwa sababu ndiyo yenye hatari.

Ubao ukinyanyuka, uzito wake husogea karibu na bawaba na nguvu ya kugeuza hupungua. Katika mwinamo wa nyuzi 41 hadi 42, ambazo ndizo ubao huu hufikia ukiwa wazi, zile 396 hushuka hadi kati ya 295 na 300. Unene wa godoro husaidia kidogo zaidi kwa kuwa huegemea nyuma, ila msaada huo tuliuacha nje ya hesabu uwe akiba. Kwa hiyo shoki hutakiwa kutimiza masharti mawili yanayovutana: ubao ukiwa wazi ziizidi 300, na ukiwa umefungwa zisifikie 396. Fundi aliyetangulia alitimiza sharti la kwanza peke yake.

Nguvu ya shoki haisemi lolote mpaka ujue inasukuma kutoka umbali gani na bawaba. Kila mtu amewahi kusukuma mlango mzito karibu na bawaba na kuona ulivyo mgumu, kisha akausukuma kwenye kitasa ukaenda. Katika kitanda hiki kichwa cha juu cha shoki kilikuwa sentimita 50 kutoka bawabani, na kichwa cha chini kwenye ukuta wa kasha, sentimita 22 mbele ya bawaba na 15 chini yake. Umbali unaohesabika ni ule unaopimwa kutoka bawaba kwa pembe mraba hadi kwenye mstari wa shoki: sentimita 23 na nusu hivi kitanda kikiwa kimefungwa, sentimita 25 na nusu kikiwa wazi. Tuliupata kwa kunyoosha uzi kati ya vichwa viwili na kuuwekea mraba wa seremala, kisha tukahakikisha kwa kuchora kwenye kipande cha plaiwudi kwa vipimo halisi.

Kwa namba hizo historia yote ya kitanda inajieleza. Shoki za awali, mbili za nyutoni 400, zilitoa nyutoni-mita 204 ubao ukiwa wazi, wakati ubao na lile godoro jembamba vilihitaji kama 190. Zikiwa zimefungwa, pamoja na lile ongezeko la robo, zilitoa 236 dhidi ya 254. Mtengenezaji alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, akaacha akiba ndogo kila upande. Godoro jipya liliivunja hesabu hiyo hata kabla shoki hazijazeeka: 204 hazishindani na 295. Shoki za gari nazo, katika matundu yale yale, zilitoa takriban 375 zikiwa wazi, ambazo ni nyingi, na zikiwa zimefungwa karibu 433, ambazo zinazidi uzito wa ubao wenye godoro. Kitanda hicho kilikuwa kinataka kufunguka saa zote. Kila shimo la barabarani lilikuwa nafasi yake.

Kilichong'oa breketi nacho hakikuwa bahati mbaya. Shoki ya nyutoni 735 iliyofungwa husukuma kwa zaidi ya nyutoni 900, sawa na kuning'iniza zaidi ya kilo 90 kwenye skrubu tatu fupi zilizoingia katika ukuta wa mbao wa milimita 5. Lakini hata kabla ya kung'oka breketi, bawaba ilikuwa imeanza kulegea, na hili nadhani ndilo jambo linalopita bila kuonekana katika kazi nyingi za namna hii. Ukiitazama shoki kitanda kikiwa kimefungwa, utaona imelala: pembe yake na sakafu ni nyuzi 28 tu. Sehemu kubwa ya nguvu yake hainyanyui ubao hata kidogo; inausukuma kuelekea miguuni, na kinachouzuia usitoke ni skrubu za bawaba. Kwa shoki mbili za gari mvuto huo ulikuwa zaidi ya nyutoni 1,600, karibu kilo 165, usiku na mchana. Skrubu za kichwani zilikuwa zimetoka nusu na ubao mzima ulikuwa umesogea kwa upana wa kidole, na Hajati alidhani ni mbao iliyovimba kwa unyevu wa ziwa.

Mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kubaki na matundu yale yale na kutafuta shoki za nyutoni 650, ambazo zingeushika ubao wazi kwa akiba ya asilimia kumi na kitu, na zikiwa zimefungwa zingetoa 383, pungufu kidogo ya 396. Kwenye karatasi inakubalika. Lakini gesi hubadilika kwa joto: kila nyuzi kumi huongeza takriban asilimia 3.4 ya nguvu, kwa hiyo ndani ya karavani yenye nyuzi 35 zile 383 zinakuwa 403 na kitanda kinaanza tena kunyanyuka. Mtu anayeegesha karavani juani Tororo mwezi wa Februari hawezi kuuita huo ufumbuzi.

Njia ya pili, tuliyoichagua, ilikuwa kuhamisha vichwa vya shoki mbali zaidi na bawaba, kuongeza urefu wa shoki, na kupunguza nguvu yake. Kichwa cha juu tulikipeleka sentimita 70 kutoka bawabani, cha chini sentimita 31 mbele na 21 chini, jambo lililowezekana kwa sababu kasha lina kina cha kutosha. Umbali wa kusukumia ukawa sentimita 33 kitanda kikiwa kimefungwa na karibu 36 kikiwa wazi. Kwa shoki mbili za nyutoni 450, zenye urefu wa milimita 705 na mwendo wa milimita 300, ubao ukiwa wazi hupata 322 dhidi ya 299, na ukiwa umefungwa hupata 371 dhidi ya 396. Katika nyuzi 35 zile 371 huwa 390, na kitanda bado kimelala. Mvuto kwenye bawaba nao ulishuka kufikia takriban nyutoni 1,000, chini ya theluthi mbili za ule wa shoki za gari. Hajati aliposikia kwamba tunaweka shoki zenye nguvu ndogo kuliko zile zilizoshindwa, alinitazama kwa namna ambayo wateja humtazama fundi anayetaka kuwaibia, nikalazimika kumwomba asukume mlango wa karavani kwa kidole, kwanza karibu na bawaba, kisha kwenye kitasa. "Haya, fundi," akasema, "endelea."

Kuzipata hakukuwa rahisi. Maduka ya vifaa vya makabati Kampala huuza shoki za gesi, lakini nyingi ni za milango ya jikoni, nyutoni 80, 100 au 120, ambazo kwa kitanda kama hiki ni pambo. Soko la Kisekka lina shoki za magari za kila umbo, na kwa mtu mwenye subira na mizani ya kupimia watu huenda jozi inayolingana ingepatikana. Tatizo langu na zilizotumika ni kwamba hujui sili imebakiza umri gani, na jozi inayosoma sawa leo inaweza kutofautiana baada ya msimu mmoja, hapo ubao unaanza kupinda na bawaba kuumia upande mmoja. Tuliagiza mpya kutoka Nairobi, zikaja kwa basi kupitia Busia. Tuliposikia zimefika, jambo la kwanza lilikuwa kuzisimamisha juu ya mizani moja baada ya nyingine: zote zilisoma kilo 47 au 48, ambazo ukitoa msuguano ni nyutoni 450.

Kazi kubwa ilikuwa ya kuimarisha sehemu za kushikia, na ndiyo iliyochukua muda mwingi kuliko hesabu na ununuzi. Ukuta wa kasha wa milimita 5 haufai kupokea skrubu yoyote ya shoki. Nyuma yake tulibandika vipande vya mbao ngumu ya mugavu vyenye unene wa milimita 30, kwa gundi na skrubu kutoka ndani, vikifika hadi kwenye mhimili wa sakafu ili mzigo uteremke huko badala ya kubaki ukutani. Juu ya mbao hiyo tukaweka flatibaa ya milimita 3, ndefu kama shubiri, na kupitisha bolti za milimita 6 hadi upande wa pili zenye washa pana na nati za kujifunga, zile zenye pete ya plastiki, kwa sababu nati ya kawaida haidumu kwenye mtikisiko wa barabara zetu za vumbi. Kwenye ubao wa kitanda tulifanya vivyo hivyo, tukishika fremu yenyewe na si plaiwudi. Bawaba nayo ilitolewa, matundu yaliyopanuka yakajazwa vijiti na gundi, na kila skrubu ya tatu ikabadilishwa kwa bolti inayopita.

Kuhusu kuchomelea, nasisitiza kwa kuwa karakana zetu nyingi hufanya kila kitu mahali pamoja. Kazi yote ya moto iishe kabla shoki hazijatolewa kwenye karatasi yake. Cheche moja ikigusa fimbo huacha kipele, kipele hukwangua sili kila fimbo inapoingia, na gesi hutoka bila sauti katika wiki chache. Kwa sababu hiyo hiyo fimbo haishikwi kwa koleo wala haipakwi rangi. Na bomba lenyewe, jipya au bovu, halitobolewi wala halitiwi moto. Gesi iliyo ndani iko katika kanieneo linaloweza kuua. Zile shoki za gari, ambazo bado zilikuwa na gesi, Hajati alitaka kumpa mnunuzi wa chuma chakavu, tukamshauri zibaki karakanani kwa kuwa huko zingeishia tanuruni.

Shoki zilifungwa fimbo ikitazama chini, yaani bomba kwenye ubao na fimbo kwenye kasha, ili kitanda kikiwa kimefungwa, ambavyo ndivyo kilivyo muda mwingi, mafuta yakae juu ya sili na kuilinda isikauke. Zile za gari zilikuwa kinyume. Tofauti hiyo haionekani siku ya kwanza, ila huonekana shoki inapokufa mapema.

Kuna swali niliulizwa na dereva wake, kama kupanda milimani kutabadilisha nguvu. Kwa vitendo, hapana. Hewa ya nje husukuma fimbo ya milimita 8 kwa takriban nyutoni 5 tu, na tofauti kati ya Jinja na Kabale, iliyo katika mwinuko wa takriban mita 2,000, haifiki nyutoni moja. Baridi ya Kabale ndiyo itakayohisiwa: usiku wa nyuzi 12 hupunguza karibu asilimia 3, na ubao utaonekana mzito kidogo alfajiri.

Narudi kwenye ile namba ya 175. Shoki zimechaguliwa kwa ubao wenye godoro; ukiondoa godoro ili kulianika, 371 zinasukuma dhidi ya 175, na ubao utaruka juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 10 ukingoni, wakati mtu ameinama juu yake. Hili haliondolewi kwa kubadilisha mahali pa shoki wala aina yake, maana ni zao la tofauti ya uzito. Kwa hiyo tuliweka makomeo mawili ya chuma pande za miguuni, ambayo pia yanazuia ubao usinyanyuke safarini na wakati karavani imefungwa juani hadi nyuzi 45, joto ambalo lingezifikisha zile 371 kwenye 403. Msaidizi ameonyeshwa kwamba godoro halitolewi mpaka makomeo yafungwe, na kwamba kabla ya kuyafungua tena godoro liwe limerudi. Ukingo wa miguuni tuliuongezea mbao ya kuzuia godoro lisisogee, na upande mmoja wa kasha ukapata egemeo la chuma linalokunjuka, la kuwekwa kila mtu anapoingiza kichwa au mikono ndani. Shoki hufa bila taarifa, na aliyeangukiwa mara moja hahitaji kuelezwa sana.

Baada ya kufunga kila kitu tulipima tena ukingoni, shoki zikiwa mahali pake: mizani ilisoma kilo moja na nusu tu, karibu na kilo 1.4 ambazo hesabu ilikuwa imetoa. Hajati hufungua kwa mkono mmoja. Jambo jipya lililojitokeza ni kwamba, kwa kuwa kasha limekuwa rahisi kutumia, limeanza kujazwa hadi juu, na kitanda hicho kiko sehemu ya mbele ya karavani. Nimemwambia dereva apime uzito unaokaa kwenye ndoano ya gari. Kwa trela za aina hii unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa karavani, na masufuria ya pilau ya watu mia tatu yanaweza kuuzidisha bila mtu kutambua.

Ile mizani ya samaki imebaki katika karavani. Dereva hupima ukingo mara kwa mara, asubuhi kabla jua halijapiga bati, kwa kuwa tofauti ya nyuzi 15 peke yake hubadilisha somo kwa kama kilo moja. Likifika kilo 3 katika ubaridi huo wa asubuhi, shoki zitakuwa zimepoteza takriban asilimia 8 ya nguvu na ile akiba ya ubao ukiwa wazi imekwisha kuliwa. Hapo zitabadilishwa zote mbili kwa pamoja, hata kama moja bado inasukuma vizuri.